Dipositi Yako na Ile Hesabu ya "Usafi na Rangi"

Siku tatu baada ya kuhama, ujumbe wa mistari miwili uliingia kwenye simu yangu. Dipositi Sh25,000, toa usafi na rangi Sh14,000, baki Sh11,000 itatumwa Ijumaa. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, upande wa Thika Road, na usiku wa mwisho niliipiga deki mimi mwenyewe kwa ndoo nne za maji na chupa nzima ya jiki. Nilimpigia ajenti papo hapo nikafoka. Alinisikiliza hadi pumzi zikaniishia, kisha akasema, "Boss, hiyo ndiyo hesabu ya mwenye nyumba," akakata simu.

Kufoka kule hakukunifaa kitu. Hakukuacha maandishi, hakukuuliza swali hata moja, na kulimpa ajenti sababu ya kuniita mkorofi. Kilichonifaa baadaye kilikuwa kazi ya kuchosha: picha, tarehe, na kumtaka mtu aeleze kwa kalamu sababu ya kila shilingi aliyoikata. Kazi hiyo ndiyo nitakayokueleza hapa, wewe mpangaji wa Kenya uliyekatwa au unayehofia kukatwa.

Kwanza ujue umesimama wapi. Ndugu zetu wanaopanga England na Wales wana afueni: tangu Aprili 2007, kwa upangaji wa kawaida wa kule, mwenye nyumba analazimika kuiweka dipositi chini ya mpango uliokubaliwa na serikali, na wakikosana huwa kuna mwamuzi wasiyemlipa. Kwetu hakuna mtu wa kati. Pesa hukaa kwa mwenye nyumba au kwa ajenti, na mara nyingi huwa zimeshalipia karo ya mtoto wa mtu au simiti ya ploti nyingine zamani. Makato huja kirahisi kwa sababu anayeamua ni yule yule aliyeshika pesa. Hata hivyo pesa ni zako. Umeziweka kama dhamana ya kodi utakayobakisha au hasara utakayosababisha, na anayesema kuna hasara ndiye wa kuionyesha. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 107, inamtwika mzigo huo mtu yeyote anayetaka mahakama iamini jambo analolidai. Kwa hiyo ukiambiwa "thibitisha kwamba nyumba ilikuwa safi", usikubali kubebeshwa mzigo wa mwenzio.

Uchafu si uchakavu

Hapa ndipo ugomvi wote ulipo, na wapangaji wengi hushindwa kwa kukosa maneno ya kuvitofautisha vitu vitatu.

Uchafu ni kile kinachotoka kwa sabuni, brashi na jasho: mafuta yaliyoganda ukutani juu ya jiko, nywele kwenye tundu la maji la bafu, uvundo wa friji, magunia uliyoyaacha kwenye balkoni. Uharibifu ni kitu kizima kilichovunjwa au kutobolewa: sinki lililopasuka, mlango uliopigwa teke, kioo cha dirisha, ukuta ambao watoto waliufanya daftari la kuchorea. Uchakavu ni kazi ya muda na matumizi ya kawaida: rangi iliyopauka upande wa jua, kivuli hafifu pale kabati lilipokaa miaka mitatu, kitasa kilicholegea, vigae vilivyopoteza mng'aro mlangoni watu wanapopita. Uchafu uliouacha utaulipia. Uharibifu pia. Uchakavu umekuwa ukiulipia kila tarehe tano ya mwezi, ndani ya kodi.

Ujanja wa hesabu nyingi ni kuuvisha uchakavu nguo ya uchafu. Angalia mifano. Kuvu jeusi kwenye dari ya bafu lisilo na dirisha, au chini ya paa linalovuja, haliondoki kwa kusugua. Litarudi kwa mpangaji atakayekufuata na kwa atakayemfuata yeye. Ule ukoko mweupe kwenye mifereji na kwenye bakuli la choo huletwa na maji magumu ya kisima, na kisima ni cha mwenye nyumba. Mpangaji wa Mombasa anajua zaidi: hewa ya bahari hula bawaba na vyuma vya madirisha, na rangi ya ukuta unaotazama pwani hubanduka magamba hata kama hakuna aliyeugusa. Nimewahi kuonyeshwa orodha ya makato yenye "kusafisha kutu madirishani". Bahari ndiyo iliyostahili kupelekewa ile bili.

Mstari kati ya vitu hivi si mnyoofu kila mara. Mafuta ya jikoni yakikaa miaka miwili bila kufutwa huingia ndani ya rangi, na hapo uchafu wako umegeuka uharibifu. Ukijua una doa la namna hiyo, lishughulikie kabla ya kuhama, kwa sababu ndilo litakalopigwa picha na kutumiwa kuhalalisha makato ya nyumba nzima.

Rangi ina kesi yake

Kwa mwenye nyumba wa Kenya, "usafi" na "rangi" ni mapacha. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema mpangaji ataipaka nyumba rangi anapohama, au gharama ya rangi itatoka kwenye dipositi. Soma mkataba wako leo, usiku huu kama unao karibu. Kama kifungu hicho kipo na ulikitia sahihi, kitakubana, na nisingependa udanganywe na mtu wa mtandaoni kwamba hakina nguvu. Lakini soma kinachosema hasa. Kuahidi kuacha nyumba katika hali uliyoikuta ni tofauti na kuahidi kuipaka upya. Na hata aliyeahidi kuipaka hakumpa mwenye nyumba ruhusa ya kuandika bei yoyote anayoiota.

Kama unadaiwa rangi, njia ya bei nafuu ni kuipaka mwenyewe kabla ya kurudisha funguo. Mwulize keateka kwa ujumbe wa maandishi ni rangi gani na ya aina gani, mchukue fundi wako, weka risiti ya duka la hadiweya, na upige picha ya mkebe ukionyesha jina la rangi. Kifungu cha usafi kikitaka kampuni ya usafi, fanya vivyo hivyo: tafuta ya kwako, lipa, tunza risiti. Ukimwachia mwenye nyumba achague fundi, umemwachia achague bei.

Na kama ulikaa miaka minne ndani ya nyumba ambayo hata siku unaingia rangi yake haikuwa mpya, una hoja nyingine. Fidia ya kuvunja mkataba ni ya kuziba hasara, haikukusudiwa kumtajirisha aliyeumia. Rangi iliyokuwa karibu kufa haiwezi kulipiwa kama iliyozaliwa jana. Hoja hii hutumika pale mkataba hausemi lolote kuhusu rangi, na hutumika pia kwa mazulia na mapazia ya nyumba zilizo na fanicha.

Ushahidi wa siku uliyoingia

Mwongozo wa kawaida ungekuambia upige picha kila chumba siku ya kwanza. Ni kweli, na kama hujahamia bado, zipige kabla kitanda hakijaingia, kisha mtumie keateka au ajenti kwa WhatsApp siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki kwa pande zote mbili. Mali bila daftari huisha bila habari.

Lakini wengi wetu hatukufanya hivyo. Tulikuwa tunapambana na mkokoteni, sofa limekwama kwenye ngazi, mtoto analia. Usikate tamaa, maana simu yako ina zaidi ya unavyokumbuka. Mimi niliuona ukuta wa sebule ile nyuma ya picha za mpwa wangu akikata keki, wiki ya pili tangu tuhamie: doa la maji lile lile kwenye kona, lile lile nililotozwa. Tafuta pia ujumbe wa zamani uliomwandikia keateka: "mfereji unavuja", "choo hakivuti maji", "mtu wa rangi atakuja lini?" Kila lalamiko ulilowahi kulituma na kupuuzwa ni shahidi. Jirani aliyekaa muda mrefu naye anajua nani alipaka nyumba mara ya mwisho na lini.

Halafu kuna siku ya kutoka. Omba ukaguzi wa pamoja nyumba ikiwa tupu, ukiwa bado na funguo mkononi. Tembea na keateka chumba kwa chumba, andikeni mapungufu kwenye karatasi moja, mtie sahihi wote wawili. Akikataa kutia sahihi, mtumie orodha ile kwa simu hapo hapo: "Tumekagua leo saa nne asubuhi, tumeona haya." Rekodi video moja isiyokatwa, anza na mlango wa nje, fungua kila kabati, washa taa, fungua mifereji, vuta choo, malizia na usomaji wa mita ya maji. Dakika sita zinatosha. Funguo zirudishe kwa maandishi pia, la sivyo utasikia ulikaa nazo wiki nzima ukadaiwa kodi.

Kuna wanaoona yote haya ni mahangaiko, wakaamua "kuila" dipositi kwa kutolipa kodi ya mwezi wa mwisho. Naielewa hasira hiyo. Kama mwenye nyumba ameridhia kwa maandishi, ni njia safi kabisa. Asiporidhia, umejigeuza mdaiwa wa kodi, na mikataba mingi ya Kenya inakataza jambo hilo waziwazi. Utakuwa umempa kesi ambayo hakuwa nayo.

Jibu la kwanza liwe swali

Makato yakishakuja, usijibu kwa simu. Andika. Na barua yako ya kwanza isiwe ya kukataa, iwe ya kuuliza. Mfano huu unaweza kuubadilisha utakavyo:

"Habari yako Mama Kamau. Nimepokea ujumbe wa tarehe 4 kuhusu dipositi ya nyumba namba 12. Naomba unitumie: (1) orodha ya kazi zilizofanywa, chumba kwa chumba, na bei ya kila kazi, (2) picha za hali uliyoikuta baada ya mimi kutoka, (3) risiti za waliofanya kazi hiyo, (4) kifungu cha mkataba unachokitegemea. Nimeambatanisha video ya siku niliyorudisha funguo. Nitashukuru kupata majibu kabla ya tarehe 11."

Ona kwamba hakuna tusi wala tishio humo. Kuna maswali manne na tarehe. Mtu aliyekata kwa haki atayajibu kwa nusu saa. Aliyebuni atanyamaza, au atatuma risiti iliyoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, na kunyamaza kwake kutakuwa ushahidi wako baadaye.

Mwandikie mtu sahihi. Ajenti hupenda kusema "mwenye nyumba amekataa", na mwenye nyumba husema "ongea na ajenti". Tazama mkataba una jina la nani, na pesa zilipokewa na nani. Taarifa yako ya M-Pesa inaonyesha jina au paybill uliyolipia. Tuma kwa wote wawili. Ajenti wa nyumba anatakiwa kisheria awe amesajiliwa na bodi ya maajenti chini ya Sheria ya Maajenti wa Nyumba, Sura ya 533, hivyo kumwuliza namba yake ya usajili ni swali la heshima tu. Wapo wanaolainika ghafla wakiulizwa.

Orodha ikija, ipitie mstari kwa mstari na ukubali kilicho chako. Hili wapangaji hawalipendi, lakini lina faida kuliko hoja zote. Mimi niliambiwa usafi ni Sh5,000 na rangi Sh9,000. Kwenye mstari wa "jikoni, kuondoa masizi" nilikubali mara moja. Tulipikia jiko la makaa kila stima ilipopotea, na ukuta ule ulikuwa aibu. "Usafi wa jumla" niliukataa kwa video. Kwa rangi, mkataba wangu haukusema neno. Tena jirani wa ghorofa ya pili aliniambia fundi aliyeipaka nyumba yangu alitumia wiki hiyo hiyo kupaka ngazi za jengo zima. Mwishoni nikaandika kiasi: natambua Sh2,500, naomba nirudishiwe Sh22,500. Usiseme tu "nirudishie pesa zangu". Taja tarakimu, kwa sababu tarakimu inaweza kukubaliwa na hasira haiwezi.

Ili ujue kama bei ya mstari ni ya haki, ulizia mtaani. Mama wa usafi anayefanya kazi za siku katika eneo hilo hilo anatoza ngapi kwa nyumba kama hiyo ikiwa tupu? Pata bei mbili au tatu kwa ujumbe, uzihifadhi. Ukitozwa bei ya kampuni yenye mashine kwa kazi iliyofanywa na kijana mmoja mwenye ufagio, tofauti hiyo unayo haki ya kuipinga.

Wakikataa

Tuma barua ya mwisho ya madai. Taja mkataba, tarehe ya kuhama, dipositi uliyolipa, unachokitambua na unachodai. Toa siku 14, na useme siku hizo zikiisha utaenda Mahakama ya Madai Madogo. Kama huna nia ya kwenda, usiseme. Wenye nyumba wameshazoea wapangaji wanaotishia wakapotea.

Kwa chifu unaweza kwenda, na kuna wazee wa mtaa wenye busara ya kumaliza jambo kwa kikombe cha chai, ila chifu hana mamlaka ya kutoa hukumu ya deni. Polisi waache; hili ni deni, si jinai. Baraza la kodi za nyumba za kuishi linahusika na nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi, kiwango kilichobaki nyuma ya wakati. Duka au ofisi ina baraza lake tofauti.

Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya 2016, ikaanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, na sasa ipo pia Mombasa, Kisumu, Nakuru, Thika na miji mingine. Husikiliza madai ya pesa yasiyozidi Sh1,000,000, zikiwemo pesa zako zilizoshikwa na mtu mwingine, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu lifunguliwe. Zikizidi kidogo usizimie. Huhitaji wakili. Utajisimamia, au utamwidhinisha kwa maandishi mtu akusimamie ikiwa mahakama itamkubali. Haifungwi na kanuni kali za ushahidi kama mahakama nyingine, kwa hiyo picha zako na mazungumzo ya WhatsApp yatatazamwa. Yapange kwa tarehe na uyachapishe. Madai hufunguliwa kwa mtandao wa Idara ya Mahakama. Usipoelewa, nenda ukaulize kwenye masjala ya mahakama yenyewe kabla ya kumlipa kijana wa saiba.

Mambo mawili uyapime kabla. Mwenye nyumba anaweza kuleta madai yake dhidi yako ndani ya kesi hiyo hiyo: bili ya maji uliyoisahau, mlango, kodi ya nusu mwezi. Kama una madeni ya namna hiyo, yalipe au yapunguze kwenye kiasi unachodai tangu mwanzo. Pili, kushinda na kulipwa ni safari mbili. Mtu mwenye jengo ana kitu cha kukamatwa. Ajenti wa mkoba, aliyehama ofisi mara tatu, huenda hana. Kwa hiyo ukifungua, mtaje mwenye nyumba pia. Haraka hamna sana, maana madai ya mkataba yana muda wa miaka 6, ila jirani atahama, simu itaibwa, keateka atafukuzwa kazi.

Mimi sikufika Milimani. Siku ya kumi na moja baada ya barua ya madai, ajenti alinipigia kwa sauti nyingine kabisa akaniuliza kama bado natumia namba ile ile. Zile Sh11,000 nilikuwa nimeshazipokea. Jioni zikaingia Sh11,500. Sh2,500 za masizi zilibaki kwa mwenye nyumba, kama tulivyoandikiana.

Kama notisi yako inaisha mwezi huu, mwandikie keateka leo umwombe siku ya ukaguzi, na usirudishe funguo kabla hujarekodi ile video.